Barua Iliyobebwa na Sisimizi

Tulikuwa tumekwisha kutoka nyumbani. Begi langu lilikuwa begani, tiketi ya basi la Lisbon mfukoni, na mdogo wangu Victorine alikuwa ananitangulia akiwa na kopo la samaki wa kukaanga, chakula changu cha njiani. Basi lilikuwa linaondoka saa nane mchana kule Gare du Nord, Brussels, na sasa ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Victorine akasema tupitie kwanza bustanini kwake, dakika mbili tu, halafu anisindikize hadi metro ya Hermann-Debroux.

Bustani hiyo iko Auderghem, kando ya kijito, nyuma ya nyumba za watu. Ni vishamba vya jumuiya, ishirini na kitu, kila mtu ana kipande chake na ufunguo wake wa geti. Victorine alikuwa na kipande chake kwa miaka tisa. Lengalenga, matembele, ngai-ngai, chochote kinachokubali baridi ya huku alikipanda. Mumewe alipokufa alilia nyumbani siku mbili, siku ya tatu akaanza kwenda kulilia kule shambani, na jioni alirudi na mboga.

Kwenye geti akavua ufunguo shingoni, akausimamisha mbele ya kufuli, wala hakuuingiza.

"Yaya, usikasirike," akasema, maana kwetu kaka mkubwa ni yaya. "Siku ya mposho ninarudisha huu ufunguo."

Mposho ni Jumamosi. Zamani migodini ndiyo siku waliyokuwa wakigawa posho, na sisi wa Likasi, kule Katanga ya Kongo, tunaiita hivyo hadi leo. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Nikamwuliza kulikoni, na kwa nini wiki tatu nimelala kwenye kanapé yake bila kusikia neno. Akajibu kwamba muntu anayepita njia hapewi mizigo ya nyumba. Neno hilo lilinichoma, kwa sababu ni kweli, mimi ni mtu wa kupita njia tangu nina miaka kumi na saba, na sasa nina sabini na nne.

Akanitolea barua. Karatasi ya njano, maneno ya mashine, sahihi ya wino wa kijani ya mwenyekiti wa komite, Monsieur Lucien. Ilisema kwamba Madame Victorine analaumiwa kuchuma majani ya miti ya jirani yake hadi kuiharibu, kwamba wanachama wote watapiga kura Jumamosi saa nne kama abaki au anyang'anywe kipande chake, na kwamba aje na ufunguo wake na barua hii.

Jirani mwenyewe ni Maman Marie-Claire, wa Bukavu. Alifika huku mkimbizi, asubuhi anahudumia wazee kule Uccle, mchana anasuka. Vitunga vyake, vikapu vya fito, ndivyo vinavyobeba vitu vya mahari kwenye harusi zetu. Amechoka na vitunga vya plastiki vya madukani, basi majira mawili yaliyopita alipanda mierebi arobaini, mierebi ile ile ya kwenye Biblia, Wabelgiji wanaiita saule, ili apate fito zake mwenyewe. Mwaka jana Victorine alimwomba majani mkono mmoja tu, ayachemshe kwa ajili ya magoti yake. Akapewa. Mwaka huu, mwezi wa nane, majani ya mierebi yakaanza kutoweka, mti baada ya mti, zikabaki fito tupu. Kwenye kikundi cha maombi Marie-Claire akasema kwa sauti alichokuwa anakiwaza. Siwezi kumlaumu sana. Sisi tunakula sombe ya majani ya muhogo, tunakula matembele, tunakula majani ya maharagwe. Majani yakitoweka shambani kwetu hatutafuti mdudu. Tunatafuta mtu mwenye sufuria.

"Na ulichuma?" nikamwuliza.

"Weye pia, yaya?"

Akafungua geti. Tukaingia.

Nilitaka tu kuiona hiyo miti kabla sijaenda zangu. Nikainama kwenye mwerebi wa kwanza, na mwili wangu ukajua kabla ya kichwa. Jani linalochumwa kwa mkono linang'oka na kikonyo chake. Hapa vikonyo vilikuwepo vyote. Jani lilikuwa limekatwa kwa mviringo, safi, kama limekatwa kwa mkasi mdogo, kipande cha nusu mwezi hakipo, na pembeni yake nusu mwezi nyingine. Nikaweka begi chini.

Miaka minne nilikata mierebi kwenye visiwa vya mto Paraná, Argentina. Nilishuka kwenye meli ya mbao nikiwa mpishi msaidizi, meli ikaondoka, mimi nikabaki. Kule mierebi ni kilimo, wanapanda hadi macho yanachoka, na adui yake mkubwa ni sisimizi wakata majani. Hawali majani. Wanayakata, wanayabeba hadi shimoni, wanayatafuna yawe mbolea, juu yake wanaotesha kuvu, na kuvu ndicho chakula chao. Usiku mmoja wanaweza kuvua nguo mstari mzima wa miche. Ile alama ya nusu mwezi niliiona kila asubuhi kwa miaka minne.

Lakini hapa ni Auderghem. Nikafikiri nimezeeka.

Nikakaa juu ya begi nikatazama ardhi. Haikupita muda, nikawaona. Wachache, wekundu wa kahawia, kila mmoja na kipande cha kijani juu ya kichwa, wanatembea kwa mstari kama watu wa Jumapili ya Matawi. Walipita chini ya nyasi, wakaingia chini ya waya wa uzio, wakapotea kwenye majani ya mtambaazi. Nyuma ya uzio kuna nyumba tatu.

"Yaya, bus," Victorine akasema.

"Bus itaenda."

"Na weye?"

"Miye nitaangalia hawa."

Akafungua kopo la samaki akala kipande kimoja yeye mwenyewe. Kwake hiyo ni ishara ya hasira, au ya furaha, sijawahi kujua.

Marie-Claire alifika baada ya saa sita akitoka kazini, bado na viatu vyake vyeupe. Akamsalimia Victorine kwa kichwa tu. Nikamwonyesha wale sisimizi, nikamweleza habari ya Paraná. Alinisikiliza kwa heshima yote, maana amelelewa vizuri, halafu akacheka.

"Papa Kabamba, ninyi watu wa Katanga muko na masimulizi. Sisimizi wamalize miti quarante? Hawa wanaokota yale yaliyoanguka mkononi mwa muntu."

"Mkononi mwa nani?" Victorine akauliza.

"Sikutaja jina."

"Ulilitaja mbele ya Mungu na kikundi kizima, sasa unaona haya mbele ya sisimizi?"

Nikaingia katikati yao. Marie-Claire akageuza uso, na nikaona kwamba hata yeye hakuwa anafurahi. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ameahidi vitunga kumi na viwili kwa mahari ya mwezi wa tatu, na fito zilizovuliwa majani hazikui, zinabaki fupi kama vidole. Nikamwambia hilo nalijua.

Tukaenda kwa Monsieur Lucien, maana nyumba yake ni moja ya zile tatu. Ni mzee wa umri wangu, alikuwa mwalimu, mpole, suruali imepigwa pasi hata kwa kupalilia. Nilipotamka sisimizi wakata majani uso wake uliwaka kama taa. Akasema ndiyo, anawajua, hapa Ubelgiji hawapo, wako Amerika tu. Isipokuwa wa kwake. Anao verandani, ndani ya masanduku ya kioo, miaka mitatu sasa, anawapashia joto na kuwapa majani ya waridi kiganja kimoja kwa siku. Na kwa hicho kiganja kimoja, akasema, msimu huu wameongezeka maradufu. Alijisifu kama baba ambaye mtoto wake amepasi mtihani.

Nikamwuliza kama wanaweza kutoka. Akacheka kwa upole. Kingo amezipaka mafuta, vifuniko vimebana, yeye mwenyewe huviangalia kila asubuhi. Wale wa bustanini, alisema, ni sisimizi wa kawaida wa hapa. Nikamwambia wa hapa hawabebi majani. Akasema huenda macho yangu yamechoka, lakini nikaribie siku yoyote kuwaona wa kwake, maana hajawahi kukutana na mtu aliyewaona porini. Alikuwa anasema kweli yake yote, huyo mzee. Hakuwa mwongo hata kidogo, na ndiyo sababu kumshtaki kwa maneno kusingefika popote.

Tulipotoka Victorine akaniambia, "Alors, yaya, umekosa bus bure."

Sikumjibu, nilikuwa nawaza visiwani. Kule wenye mashamba waligombana hivi hivi: sisimizi wako wamekula miti yangu, hapana, ni wa fulani. Huwezi kumfuata sisimizi hadi mlangoni, anapita chini ya majani na chini ya ardhi. Basi msimamizi wetu, Mparaguay mmoja asiyejua kusoma, alitufundisha dawa ya ugomvi. Unampa sisimizi kitu chako abebe. Unakata karatasi ya rangi vipande vidogo kama dengu, unailoweka kwenye maji ya chungwa, maana chungwa hawaliachi, unaiweka njiani kwao. Wanaipeleka nyumbani. Kule ndani wakigundua haifai kwa kuvu, wanaitupa jalalani kwao. Wewe unazunguka mashamba ukitazama majalala. Ukiikuta rangi yako kwa mtu, hana neno tena.

Karatasi ya rangi. Tulipofika nyumbani nikamwomba Victorine ile barua.

Alipoelewa aliikumbatia kifuani.

"Hiyo njo document, yaya. Siku ya mposho watauliza document."

"Waulize. Tutajua iko wapi."

"Na kama haiko pale unawaza?"

 Nikamwambia kama haiko, atakuwa amepoteza shamba na barua, na mimi nimepoteza basi, na tutakaa wote wawili kwenye kanapé.  Akaenda jikoni akaleta mkasi na machungwa mawili.

Alikata mwenyewe. Nadhani hiyo ilimfaa kuliko chai yoyote ya magoti. Kila neno lililomwita mharibifu alilikata mara nne. Sahihi ya kijani aliiacha mwisho, akaikata polepole, vipande sita.

Alasiri hiyo hiyo kulikuwa na jua, nikaweka nusu ya vipande chini ya mwerebi wa kumi na tisa, ambao ulikuwa bado na majani juu. Sisimizi walivigusa kwa pembe zao, wakasita, mmoja akainua kimoja. Wengine wakafuata. Alhamisi ilinyesha, hakutoka hata mmoja, na vipande vilivyobaki vililowa vikawa uji. Victorine hakusema na mtu siku nzima, alipika bukari, ugali wetu, nyingi kuliko tunavyoweza kula. Ijumaa jua likarudi, nikaweka nusu ya pili, na sahihi. Hadi saa kumi hakikubaki kipande.

Jumamosi saa nne walikuja watu kumi na sita, wakasimama mbele ya kibanda cha vifaa. Victorine alivaa kitambaa chake cha harusi ya Mauwa, binti wa ukoo wetu, zambarau na dhahabu, na ufunguo kifuani juu yake kama medali. Monsieur Lucien akasoma ajenda. Akamwomba Victorine barua, iwekwe kwenye faili.

"Nimeituma," Victorine akasema.

Akauliza ameituma wapi. Nikainua mkono, nikaomba jambo moja kabla ya kura. Nikasema mwenyekiti alinialika kuona sisimizi wake, nyumba yake ni hatua hamsini, na ningependa twende wote, dakika kumi, kwa sababu mashtaka ni juu ya majani na hakuna hapa anayejua majani kuliko wao. Watu wakatazamana. Lakini Lucien alikuwa amekwisha kushika njia. Nani angemzuia? Miaka mitatu alikuwa akingoja mtu aombe kuwaona.

Veranda ilikuwa na joto la Likasi kabisa. Masanduku matatu ya kioo yaliunganishwa kwa mirija ya mpira. La kwanza la majani ya waridi, yamekauka, hakuna anayeyagusa. La pili lilijaa kuvu, nyeupe ya kijivu, kama sifongo kubwa, na sisimizi maelfu juu yake. Lucien akaeleza kila kitu kwa sauti ya darasani, malkia, wafanyakazi, walinzi. Sanduku la tatu, akasema, ndilo jalala lao, wanatupa humo maiti na takataka.

Mimi nilikuwa nyuma, sioni vizuri.  Aliyekuwa mbele ni Marie-Claire. Msusi ana macho ya kuona uzi mmoja uliokosea katikati ya mia. Alikuwa ameinama kwenye sanduku la tatu, na nikamwona anaganda.

"Monsieur Lucien," akasema taratibu, "sisimizi wako wanaandika?"

Juu ya lile jalala jeusi kulikuwa na vipande vya njano. Vingi, vimerundikana kama pumba. Lucien alivaa miwani yake ya pili juu ya ya kwanza. Akachukua kibano, akatoa kimoja, akakiweka kiganjani. Herufi mbili za mashine. Akatoa kingine. Akatoa cha tatu, na hicho kilikuwa na mkunjo wa wino wa kijani, mkia wa sahihi yake mwenyewe, ule anaouzungusha mara mbili.

  Lucien akapiga magoti, mzee yule na suruali yake iliyonyooka, akachungulia nyuma ya masanduku. Mrija mmoja ulikuwa umepasuka upande wa ukutani, na kutoka hapo mstari ulikuwa unapita kwa utulivu kabisa kwenye tundu la bomba la maji moto, kwenda nje. Walikuwa wanarudi na majani ya mwerebi.

"Kiganja kimoja cha waridi," Lucien akasema. Akabaki amepiga magoti. Halafu akainuka, akageuka kwa Victorine, akamwambia mbele ya wote kwamba wezi ni wake, mrija ni wake, barua ni yake, na kwamba wamemrudishia barua yake kama inavyostahili. Akamwomba msamaha kwa jina lake lote.

Marie-Claire alikuwa na kazi ngumu zaidi, kwa sababu wa kwetu kwa wa kwetu haiishi kwa sentensi moja. Alivua kilemba chake, akakishika mikononi.

"Dada, nilisema uongo juu yako mbele ya Mungu. Sikujua kama ni uongo, lakini nilisema."

Victorine alimwacha asimame hivyo kidogo. Namjua, aliipima ile dakika, aliionja.

"Nilikuomba majani mukono moja," akasema. "Sasa sitaki tena majani. Utanisukia kitunga, kile kikubwa, cha mfuniko. Na kwenye kikundi cha maombi utakileta wewe mwenyewe, juu ya kichwa."

Marie-Claire akasema ndiyo. Hapo Victorine ndipo akapiga kigelegele, kimoja, kirefu, ndani ya ile veranda ya kioo, hadi Wabelgiji wakaziba masikio wakicheka. Marie-Claire akakipokea. Ninaapa kwamba hata sisimizi walisimama.

Kura haikupigwa. Badala yake niliwaagiza wachote lile jalala lote, wakalimwage kuzunguka kila shina la mwerebi lililobaki na majani. Sisimizi hapiti juu ya taka ya nyumba yake mwenyewe, anaogopa ugonjwa wake. Lucien aliniambia kitabu chake hakina hilo. Nikamwambia yule Mparaguay hakuandika kitabu. Watu kumi na sita wakapanga foleni na vijiko na vikopo, kutoka verandani hadi kijitoni, na Victorine akasimama getini na ufunguo wake akiwafungulia mmoja mmoja. Kila aliyepita alisema bonjour Madame Victorine. Wengine walipita mara mbili.

Mierebi thelathini na moja ilichipua tena kabla ya baridi, tisa ilikufa. Fito hazikutosha vitunga kumi na viwili, zilitosha saba, na vitano Marie-Claire alisuka kwa fito alizopewa na mkulima mmoja wa kule Flandres. Kitunga chenye mfuniko alikibeba kichwani Jumapili ya pili ya mwezi wa kumi. Victorine anawekea vitunguu. Lucien aliziba tundu na kubadilisha mirija, lakini malkia wake alikufa mwezi wa kwanza na wengine wakaisha kabla ya Pasaka. Sasa anafuga konokono, na bado ni mwenyekiti. Sisimizi waliobaki nje walikufa kwa baridi ya kwanza. Shamba la Victorine ni lake, mwaka wa kumi huu. Ufunguo uko shingoni. Mimi nilipanda basi la Lisbon wiki iliyofuata, sasa niko Setúbal, jirani na Lisbon, nasafisha samaki sokoni asubuhi.